Mchore Mara Mbili

Dada Nesta,

Gwenllian wangu amekufa. Amefia ndani ya ambulensi, mlangoni mwa hospitali, akisubiri kitanda.

Jana watu wa hospitali walituita kwenye ukumbi wa kanisa. Mtaalamu, mama mmoja kutoka mji mkuu, Cardiff, akachora ubaoni duara na mishale. Vitanda vimejaa wazee waliopona, akasema. Hawawezi kurudi kwao, maana waliowahudumia majumbani walipunguzwa kazi.

Nikasimama, nikaonyesha duara lake kwa kidole. "Mke wangu alikuwa mhudumu wa majumbani, akapunguzwa hapo. Kisha akafia pale mlangoni. Mchore mara mbili."

"Pole sana, baba."

"Pole baadaye. Chora kwanza."

Akachora.

Viatu vya kazi vya Gwenllian bado viko mlangoni mwa nyumba. Navikwepa nikipita. Usiku nyumba iko kimya mno, dada.

Kesho narudi kazini machimboni.

Mdogo wako,
Ifor