Toleo la Saba Halikupotea Posta

4 Februari

Kaka yangu,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Mimi mzima ila magoti, nayo nimeyazoea kama majirani wakorofi. Kifua chako kinasemaje?

Jarida letu la teolojia linafungwa. Miaka thelathini na minne nimelishona na kulitia kwenye bahasha, na ya ndani nimeelewa robo tu. Sasa mhariri ameniambia, “Dada, wa zamani umebaki peke yako. Tuandikie historia yake, itoke kwenye toleo la mwisho.”

Nimefika toleo la sita, kalamu imegoma, maana baada ya la sita tuliruka hadi la nane. Maktaba zikiuliza la saba, huwa najibu kwamba lilipotea posta. Wewe na mimi tunajua. Ulikuwa mpanga herufi wetu, zile za madini za kuchapia, ukazimwaga zote sakafuni siku moja kabla ya kuchapa, ukaondoka bila kuaga. Uongo huo nimeubeba kwa ajili yako, ila kuuchapa siwezi. Nikutaje?

Mdogo wako

22 Machi

Kaka,

Hujambo huko? Jibu sijaliona. Wamechukua mashine ya kukatia karatasi, na chumba kimekuwa kikubwa mno, nikikohoa kinanijibu. Siku hizi hakuna mwingine anayenijibu. Mhariri anasubiri hadi mwisho wa Aprili.

Mdogo wako

9 Aprili

Mdogo wangu,

Salamu nyingi. Kifua hakijambo, barua zako ndizo zilizouma.

Wiki ile tulikuwa tumemzika mama. Narudi kazini, nakuta makala ya mwalimu mmoja, inasema kaburi la Bwana halikuwa tupu. Nikaipanga herufi kwa herufi. Ukurasa wa tisa mikono ikakataa. Nikamwaga zote, nikaondoka na muswada wake ili mwingine asije akauchapa.

Miaka sita baadaye ndipo nikausoma hadi mwisho. Ukurasa wa kumi na moja mwalimu anaanza kujibu. Kumbe yale yalikuwa maneno ya wapinzani, ameyatanguliza ili ayavunje. Sisi wapanga herufi tunaona herufi, hoja hatuzioni. Nikataka kumwomba radhi, nikaambiwa ameshafariki. Tangu hapo kanisani naishia mlangoni.

Nitaje. Muswada nimeutia humu.

Kaka yako

30 Mei

Kaka,

Amani ya Bwana iwe nawe, na mlangoni pia yupo.

Makala ya mwalimu nimeisoma, nikaielewa yote. Labda kwa sababu ya mama. Historia nimeandika, nawe nimekutaja. Mhariri aliisoma akavua miwani, akasema, “Dada, toleo hili la mwisho tusiliite la mia na mbili. Ndilo la saba.” Mwalimu yuko ukurasa wa kwanza.

Nimeshona nakala mia mbili peke yangu. Zote zimekwenda posta isipokuwa moja, ambayo sikuiandikia anwani. Iko mezani kwangu. Ufunguo wa chumba naurudisha mwisho wa Juni. Njoo uichukue mwenyewe.

Mdogo wako