Chetezo Nimebeba Mwenyewe

Jumamosi. Mvua ya jana asubuhi imeondoka, jua linawaka, na mimi nina furaha mpaka naona haya.

Chetezo nimebeba mimi!

Sanduku la bibi harusi likipelekwa kwao, bibi wa bwana harusi ndiye hutangulia na chetezo cha udi, na hapana anayempita. Jana lilikuwa sanduku la mjukuu wangu Abdala, limejaa kanga ambazo ndio kwanza zimerudi madukani tangu vita viishe. Kutoka Gongoni mpaka Magomeni, kwa miguu.

Na wakati wa posa nilikuwa sifiki hata kisimani. Nikienda kidogo tu, shavu la mguu linabana kama limeshikwa na koleo. Wifi yangu Kidawa akaanza: "Wewe kaa tu, wifi, chetezo nitakichukua mimi." Nililia chumbani.

Mwajuma, mke wa mwanangu, naye kwa adabu zake alishaninyang'anya ufagio, ndoo, mpaka birika la chai. Eti mkwe mwema hamwachi mama ainame. Nikawa mtu wa kitandani, miguu inazidi kuwa baridi.

Dakta wa dispensari alinishika nyayo, akatikisa kichwa. Mishipa ya damu imekuwa myembamba, akasema, na kukaa kunazidisha ugonjwa. "Tembea, mama. Mguu ukibana, simama. Ukiachia, endelea. Kila siku."

Mimi na haraka zangu nikaona huo mchezo wa watoto. Nikashika mchi, nikatwanga mpunga kwa nguvu zote, pumzi nimeibana. Kichwa kikagonga, macho yakaingia kiza. Loo, dakta alivyonigombeza! Mchi niushike kidogo kidogo, huku napumua, lakini dawa ya miguu ni mwendo.

Nikatii. Kila nikisha kusali alfajiri, pwani na kurudi. Pole pole, mguu ukawa unachelewa kubana.

Jana ulibana karibu na soko. Nikasimama.

Na kwa kuwa hapana wa kunipita, msafara mzima ukasimama! Wapiga pembe wa msafara wakadhani nataka kuchezewa ngoma. Wakanizunguka, vigelegele, watu wakajaa milangoni. Mguu ukaachia, tukaenda. Ukabana tena mbele, tukachezewa tena.

"Wifi, leo una madaha wewe!" Kidawa akasema mlangoni kwa bibi harusi, anahema. Nilicheka tu, chetezo mkononi.

Mwajuma peke yake alijua kuwa ni mguu. Leo asubuhi nimeukuta ufagio umeegemezwa mlangoni kwangu, naye yuko jikoni, ananichungulia.

Nimefagia ua wote.