Jumanne za Rhoda

Cape Breton,
Jumatatu, 11 Machi

Dada Effie,

Shikamoo. Natumai goti lako limepata nafuu huko Halifax, na kwamba shemeji Angus bado anakupikia uji usiolika. Mimi sijambo kiasi. Theluji imefika dirishani, na paka wa marehemu mke wangu Jessie bado ananidharau.

Uliniuliza huyu Rhoda ni nani. Ni mhudumu wa gari la wagonjwa, ila kwangu haji kwa dharura. Huja kila Jumanne bila king'ora, akanipima presha, akanipandisha kwenye mizani, akanibonyeza miguu kuona kama moyo umeshindwa kazi na maji yanajaa mwilini. Siku ya kwanza majirani waliona gari lake uani wakadhani nimekata kamba. Kabla ya adhuhuri nilikuwa na pai tatu za tufaha mezani, za kuwapa pole wafiwa. Jirani Norman alipoona nimemfungulia mlango mwenyewe, alinuna: "Kumbe bado upo, mzee? Basi nirudishie pai yangu!"

Rhoda alicheka mpaka akakaa. Nami nikacheka, mara ya kwanza tangu tumzike Jessie. Tangu hapo akawa hatoki bila kunywa chai.

Mwezi wa Januari Rhoda aliniletea habari njema. Uzito umetulia, miguu haivimbi. Nikiendelea hivyo wiki nne, atafunga faili langu na Jumanne zangu atapewa mgonjwa mwingine. Nilimshukuru. Alipoondoka nilikaa nikitazama kikombe chake.

Sasa dada, nisikilize bila kunikatiza. Wale samaki wa chumvi unaonitumia, daktari alinikataza mwaka juzi. Baada ya habari ile ya Rhoda nikaanza kuwala kila Jumatatu, makusudi. Jumanne miguu imevimba, Rhoda anakunja uso, anampigia daktari simu waongeze dawa, anaahidi kurudi. Wiki iliyopita nilizidisha. Alinikuta kitini sipati pumzi, na safari hii king'ora kililia. Njiani alinishika mkono akilia, akijiuliza amekosea wapi. Nilikuwa na barakoa ya oksijeni usoni, nikashukuru kwamba siwezi kujibu. Naona aibu, Effie.

Jana nimerudi nyumbani kutoka hospitali. Kesho ni Jumanne. Ndoo ya samaki nimeiweka mezani kando ya kikombe chake, aione kabla hajafungua mkoba. Huenda asikae tena.

Usinitumie samaki, dada. Njoo wewe.

Msalimie shemeji na wote wanaoniulizia.

Mdogo wako,
Lauchie