Maji ya Watu Watatu

Jumatatu, 3 Machi

Fundi bomba kaja kuangalia bustani. Kabla hajachimba popote anataka kujua presha ya maji. Nyumba ina watu wangapi? Nikasema watatu. Uongo! Mke wangu na binti yetu, Kifaranga, wako kwa shemeji, wiki ya sita sasa. Lakini mdomo ulishasema.

Vinyunyizio vinne nataka. Nyasi zimekauka, na mtoto nilimwahidi atacheza pekupeku. Wakirudi wazikute kijani. Akili yangu yote iko hapo.

Jumatano, 5 Machi

Nimepima nilivyoelekezwa – ndoo ya lita ishirini, macho kwenye saa. Dakika moja, imejaa! Zamani ndoo hiyohiyo ilinichosha kungoja. Nikafurahi kama mjinga, hadi nilipoelewa. Hakuna anayeoga. Hakuna anayeosha vyombo. Maji yote yangu.

Nikampigia fundi. Hicho si kipimo, bwana, fungua kwanza shawa ndipo upime. Nikafungua, nikatoka mbio. Mpira wa bustani ukalegea palepale! Nikabaki nimesimama, nangoja ile sauti ya mke wangu bafuni: wee, funga huko, nina sabuni machoni!

Kila jioni nikimwagilia, ugomvi ulikuwa huo. Namalizia, nilikuwa nasema. Sikufunga hata siku moja. Na si maji tu, kila alichoniomba nilisema namalizia. Roho inaniuma, jamani.

Ijumaa, 7 Machi

Shemeji kapiga. Kesho anakuja na dada yake, mke wangu. Kufuata nini, hakusema. Sikuthubutu kuuliza. Nimemkazania fundi amalize leo – kagoma, anasema mabomba hayaunganishwi kwa pupa.

Jumamosi, 8 Machi

Wamekuja na pikapu. Tupu. Kifaranga hawakumleta.

Mke wangu kanisalimia kama mgeni: habari za hapa? Hapa! Wametoa kitanda cha mtoto, kabati, masanduku. Nimesaidia kubeba, ningefanyaje? Kajaa vumbi, kaomba aoge kabla ya safari. Kaomba! Kwake!

Fundi hana habari, kafungua vinyunyizio vyote vinne. Maji juu! Mara yakanywea, yakabaki kutambaa chini. Kuna mtu kafungua maji ndani, kasema.

Nimekimbia nikafunga koki ya bustani mwenyewe. Yote yaende kwake.

Naandika hapa kwenye ngazi. Shemeji anakaza kamba. Bafuni maji yanamwagika kwa nguvu, nayasikia. Hajaita. Fundi anauliza afungue tena, ana kazi kwingine. Nimemwambia asubiri, mke wangu anaoga.