Kitabu Changu Kwenye Simu za Watu

Chumba cha Cherehani,
Nyuma ya Soko.
Jumapili, baada ya mvua.

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Natumaini wewe, Shemeji na watoto mu wazima, na ule mguu wako umepoa. Sisi huku tunasukuma siku. Magoti ya Mama yanamsumbua kukiwa na baridi, lakini mdomo haujambo. Jana kamfukuza fundi bomba kwa kuingia na viatu.

Nimekuandikia kwa mkono kwa sababu kwenye simu tungekatizana, na nisingemaliza.

Unakijua kitabu changu cha kukata na kushona, na ile miaka niliyochora mikono na kola kwenye meza ya kulia, wengine wakila sahani zikiwa mapajani. Kilipotoka, mchapishaji aliniambia kikienda vizuri atatoa na cha pili, cha nguo za watoto. Nikakutumia faili la hicho cha kwanza usome, na wewe kwa furaha ukaliweka kwenye kundi la ukoo. Uliandika, "Mdogo wangu huyo, someni." Nililia siku ile, Dada, sikufichi. Nililia kwa kuona unajivunia mimi.

Toka kwenye ukoo likaenda kwa binamu yetu anayeshona suti, toka kwake kwa mafundi wenzake, na baada ya hapo sijui. Mwishowe likafika kwa Karatasi.

Karatasi ndivyo tunavyomwita jirani yangu mwenye duka la fotokopi. Alikuwa akilichapa, analibana pini, analiuza mchana kweupe, na nikipita ananiambia, "Mwalimu, kitabu chako kinatembea." Nilipomwuliza kama haoni vibaya, alinijibu kwa upole tu, "Mimi nauza karatasi na wino. Maneno ni yako, siyagusi." Nikaenda zangu. Hasira nilikuwa nayo, lakini ni huyohuyo aliyenichapia bure matangazo nilipoanza kufundisha.

Mwezi uliopita mchapishaji akashtaki. Sikuulizwa. Wakaja maofisa wa hakimiliki pamoja na polisi, wakabeba mashine, kompyuta, na Karatasi mwenyewe na kandambili zake. Watu wakakusanyika mlangoni kwangu badala ya kwake. Muuza mkaa akasema, kwa sauti ya mimi kusikia, "Wengine unakula nao sahani moja, kesho wanakuita mwizi."

Jioni mkewe akaja, akakaa ukingoni mwa kiti, chai hakuigusa.

"Ofisa aliyembeba mume wangu," akasema, "filamu zake za kunakiliwa anajaziwa kwenye flashi palepale dukani kwetu. Mbona yeye hakujikamata?" Kisha akajifunga upya khanga yake. "Sikuja kugombana, Mwalimu. Nimekuja uniambie nifanye nini."

Kesho yake nikaenda kituoni kuomba yaishe. Yule ofisa akanitazama kama mtu aliyepotea njia. "Mama, wewe ndiye uliyeibiwa. Sasa unamtetea nani?"

Nikamwambia ni kweli nimeibiwa, ila waliokula ni wengi, na huyu ndiye pekee mwenye mlango wa kugongwa. Akasema mlalamikaji si mimi, ni mchapishaji. Nikampigia mchapishaji. Hakuwa na ukali, alikuwa amechoka kama mimi. Stoo yake imejaa vitabu vyangu, hakuna anayenunua, na cha pili hatakitoa. "Nikimsamehe huyu," akasema, "bora nifunge ofisi." Na yeye pia sikuweza kumlaumu.

Karatasi alipigwa faini, akatoka. Mashine haikurudi, na duka sasa linauza maji ya chupa. Tunasalimiana, ila haniiti Mwalimu tena.

Dada, sikuandikii nikulaumu. Wewe ndiye uliyenishikisha sindano, na ulilofanya ulilifanya kwa mapenzi. Lakini nimeona usije ukayasikia kwa mwingine, kwamba safari ya lile faili ilianzia kwenye kundi letu. Nimezunguka nikitafuta wa kumkasirikia na kila mlango niliogonga nimekuta mtu wangu.

Juzi darasani msichana mgeni alikwama kwenye kutia mkono wa gauni. Akatoa simu, akafungua kitabu changu, akaniuliza mstari mmoja uliofifia unapita wapi. Hakujua ni changu. Jalada lilishakatwa huko njiani. Nikachukua chaki nikamchorea ubaoni mpaka akaelewa. Sikumwambia kitu. Alishona mkono mzuri sana.

Mama anakusalimu, na anasema usimtumie tena viatu vya kisigino. Nisalimie Shemeji, na kitinda mimba wako mwambie shangazi... aa, mama mdogo wake anamkumbuka. Uchovu huu unanichanganyia hata undugu. Mola awafunike kwa rehema zake, mlale salama na muamke salama.

Kile cha nguo za watoto naendelea kukichora, ingawa sijui nani atakitoa. Ukija utakisoma hapa mezani, mimi nikiwa nimekaa kando yako.

Ni mimi mdogo wako, ambaye hajapunguza hata chembe ya kukupenda.