Dawa ya Tumbo Tupu

Khayega, Kakamega

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumai mguu umepoa na huko Msambweni mnapata mvua. Huku inanyesha kila alasiri. Mimi mzima, kama kupumua ndio uzima. Mama, kaa chini kwanza. Ile safari ya kuja kunilea uzazi, iache. Mtoto alifia tumboni na nimekwisha mzaa. Sijui habari kama hii hutangulizwa na nini.

Unakumbuka nilivyokwambia nasikia baridi wenzangu wakitoka jasho, na shingo imevimba. Hospitali walisema kinga ya mwili wangu imenigeuka, inaila tezi ya shingo, na tezi ikizembea mtoto naye huumia. Nikapewa vidonge vya kumeza kila siku, maisha yangu yote. Nesi akanionya: hii ni dawa ya tumbo tupu na maji matupu. Chai isubiri, na vile vidonge vya kuongeza damu tunavyopewa wajawazito vikae mpaka mchana, maana vikikutana tumboni dawa haiingii mwilini.

Basi nikawa nameza alfajiri, peke yangu jikoni. Jirani akaniona. Kidonge kila siku, saa ile ile, kwa kificho? Hapa kila mtu anajua hiyo ni dawa gani. Wiki haikwisha, soko zima likawa linajua mke wa Musa ana ukimwi.

Mama mkwe aliona aibu kuliko mimi. Angenichukia ingekuwa afadhali. Ananipenda, na mapenzi yake ndiyo yaliyonimaliza. Akaamua nimeze barazani kila asubuhi, wapita njia waone, vidonge vyote kwenye kisahani kimoja, na kikombe cha chai ya maziwa.

"Hizi ni za mimba tu!" anawaambia. "Watu wa hapa wanasemanga sana."

Nikamweleza maneno ya nesi. Akacheka. "Mwana wanje, mwanangu, tumbo ni moja. Nani anamezanga dawa na njaa? Itakukata matumbo."

Nikamgeukia mume wangu. Musa akasema, "Mpe tu mama raha yake, si ni chai tu?" Ni chai tu! Maneno hayo nitamsomea siku ya kufa kwake.

Kliniki damu ikapimwa, ikawa mbaya kuliko mwanzo. Daktari akaongeza dawa. "Unameza?" Nikasema nameza. Ya chai hakuuliza, nami nilikuwa nimechoka hata kunyanyua ulimi. Nikarudi barazani na kisahani changu, mpaka asubuhi moja mtoto akaacha kucheza.

Daktari hakuapa kwamba ni chai. Alisema tezi ilikuwa chini mno, lakini mimba nyingine huharibika na sababu isijulikane. Asiape yeye. Mimi naapa.

Wanawake wazee walimzika bila mimi. Wakanikataza kulia kwa sauti, eti nitajifunga kizazi. Mama mkwe alikuja kuniomba radhi, akapiga magoti. Nilimtazama utosi nisimwinue, akakaa pale mpaka akainuka mwenyewe akishika ukuta. Sijutii. Na jirani sasa anawaambia watu, "Si tulisema? Ile ugonjwa haiachanga mtoto."

Nimerudi kumeza alfajiri, mlango wazi. Waseme.

Nisalimie Baba. Kaka Juma na cherehani yake, mwambie nguo alizoshona asizifumue, ampe mtoto wa mtu. Bibi aliyenifunda mpe habari polepole, moyo wake si mzima.

Jambo moja nakuuliza wewe, maana huku sitaki kumuuliza mtu. Maziwa yamekuja, Mama. Yananilowesha gauni tangu jana, na kila mtoto wa jirani akilia yanazidi. Hukaushwa na nini?

Mwanao,
Rehema