Chuma cha Mtulinga

Gazi, Jumapili

Shangazi Biasha, shikamoo.

Kuku uliyetuachia ametotoa vifaranga saba.

Baba amevunjika tena mfupa wa mtulinga. Chuma alichowekewa mwezi uliopita, alipopasuliwa, kimekatika kwa sababu alikwea mnazi. "Siumwi, kwani mimi yai?" aliniambia huku akicheka.

Daktari alikuwa ameniagiza mimi, kwa kuwa nimesoma, nimweleze baba asikwee kwa miezi mitatu. Nikaona haya kumkataza mzazi, nikanyamaza.

Sasa daktari anasema mkono ule hautainuka tena kupita bega. Baba huita jambo hili bahati mbaya, na kila ninapomvisha shati ananiombea dua. Bado sijamwambia.

Mwanao,
Hasina